Chini ya Gari la Nahodha Bakari

Wanangu, mkinijia na simu mkononi mnionyeshe picha ya gari, nachoka kabla hamjakaa. "Fundi Amade, hebu litazame hili. Zuri, eti?" Zuri nini? Picha haina harufu. Picha haitetemeki ukikanyaga mafuta. Hata mimi ukinipiga picha kwa upande wa kulia, jua limenikaa vizuri, utasema huyu mzee bado ana meno yote.

Nimefanya kazi ya magari zaidi ya miaka arobaini hapa Mocímboa da Praia, Msimbwa kama tunavyouita wenyewe, ukitoa ile miaka tuliyokuwa tumekimbia. Sasa nimeacha. Vidole havikunjiki vizuri, na nikiinama, kuinuka ni mpaka niombe dua. Lakini tangu watu waanze kurudi mjini naona magari yanaingia kila wiki. Mengine yanatoka Nacala, mengine Pemba yetu hii, mengine yamevushwa mto Rovuma kule Namoto juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja. Kila aliyepata kazi kidogo anataka lake. Sawa, nunueni, sina kinyongo. Ila nisikilizeni kwanza, maana kuna jambo moja sijawahi kulisema mbele za watu, na nisipolisema sasa nitakufa nalo.

Nianze na yale ya kawaida. Ukienda kutazama gari, usimpigie mwenyewe simu kumwambia uko njiani. Tokea tu, asubuhi. Salimia, uliza hali ya watoto, na huku unazungumza weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, shukuru, aga, rudi kwako, uje siku nyingine bila kusema. Gari lenye ugonjwa linaamshwa mapema kabla ya mgeni. Palikuwa na bwana mmoja, mtumishi wa serikali aliyeletwa huku kutoka kusini, mtu mpole, viatu vyake vinang'aa hata kwenye mchanga wetu. Nikamwambia, "Senhor, ngojea lipoe." Akasema hana muda, na mwenye gari amefanya wema, amemuwashia ili lisimsumbue. Wema! Kesho yake asubuhi mtaa mzima ulikuwa unalisukuma kwenda sokoni, na yeye mbele ameshika usukani kama bwana harusi. Alinunua wema, gari hakulipata.

Halafu funua kifuniko cha oili, kitazame kwa ndani. Ukiona utando mweupe kama tui, maji yameingia kwenye oili, ondoka. Mwambie aliwashe, nawe usimame nyuma, siyo mbele. Moshi wa buluu, gari linakula oili. Moshi mweupe usiokwisha, linakunywa maji. Tazama mpira wa pedali ya breki. Saa ya gari inaweza kusema limetembea kidogo, lakini mpira ukiwa umelika mpaka chuma kinachungulia, basi saa imerudishwa nyuma, na anayekuuzia anakutazama usoni huku anajua. Kanyaga breki uishikilie, usikurupuke, hesabu pumzi zako kumi. Mguu ukizama taratibu kama umekanyaga tope, mshukuru Mungu umejua mapema.

Na makaratasi. Siku hizi hili nalisema kwa uzito. Namba iliyo kwenye livrete, kile kitabu cha gari, uisome, kisha uitafute ile iliyogongwa kwenye chuma, uisome tarakimu moja moja kwa kidole. Zisipolingana, usisikilize maelezo. Kuna magari watu waliyaacha barabarani siku zile za mbio, na kuna waliokuja kuyaokota. Kijana mmoja hapa alinunua la namna hiyo, akalipaka rangi. Siku moja amesimama sokoni, akatokea binti akaushika mlango, akaanza kulia, "Hili la baba." Baba mwenyewe hajaonekana mpaka leo. Yule kijana alishuka akampa funguo, akaenda kwao kwa miguu. Nilimheshimu sana.

Haya yote sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na Mmakonde mmoja wa Mueda, Cosme jina lake, tukimwita Mestre Cosme. Alikuwa mkuu wa gereji ya kampuni ya mbao nilikoanzia kazi. Mkristo wa kwenda kanisani, hanywi, hacheki ovyo, na akikasirika hapazi sauti, anashusha. Ukimsikia mestre anasema polepole, jua leo kuna mtu atalia. Yeye gari hakulitazama kwa macho. Alikuwa na nyundo ndogo, ya ukubwa wa kijiko, analala chini ya gari na kugonga chuma hatua kwa hatua, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Chuma kizima kinaitika. Chuma kilichooza ndani kinasema bu, kisha kinanyamaza. "Huku pwani," alikuwa ananiambia, "gari linaanza kufa chini. Wewe unatazama juu kwa sababu juu kuna rangi."

Mwaka wangu wa pili nikalipitisha gari jekundu la mteja bila kulala chini, kwa kuwa nilivaa shati jipya. Mestre hakunigombeza. Aliniita, akakanyaga sakafu ya gari upande wa abiria, mguu wake ukatokea chini ukasimama ardhini. Akaniambia, polepole sana, "Amade, nitolee kiatu changu." Loo! Wenzangu walinicheka mwezi mzima. Kila nikipita, mtu ananiuliza kama nimekiona kiatu chake.

Nikadhani basi, kosa langu la kazi nimeshalifanya, nimeshachekwa, yameisha. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Ninaye dada yangu, Zainabu, binti wa mama yangu mdogo. Mumewe alikufa na kumwachia watoto wanne. Akauza samaki wakavu, kwanza kwa kubeba kichwani, halafu kwa kupanda magari ya watu mpaka Mueda, miaka na miaka, akiweka kidogo kidogo. Nyumbani alikaa na mama yake, Mama Mdogo Mwanaisha, ambaye miguu ilikuwa imevimba, kutoka kitandani mpaka mlangoni ni safari. Wakati huo vita vilikuwa vimeshaanza vijijini. Tukisikia leo wamechoma huku, kesho kule. Zainabu akaja ofisini kwangu, kile kibanda changu cha bati karibu na soko, akakaa juu ya tairi.

"Kaka," akasema, "nataka kununua gari. La samaki, ndiyo. Lakini nataka gari ambalo siku ya siku halitaniacha. Mimi na wanangu tunaweza kukimbia. Mama hawezi."

Hakuniambia zaidi ya hayo. Mtu akikuambia maneno kama hayo, amekukabidhi roho ya mama yake mkononi. Nikamwambia, "Ondoa shaka. Nitakuchagulia mimi."

Gari lililokuwa linauzwa lilikuwa pikapu ya Nahodha Bakari. Huyu mzee hapa pwani hakuna asiyemjua. Amebeba watu na mizigo baharini miaka hamsini, hajazamisha hata gunia. Macho yalikuwa yanamwisha, hawezi tena kuendesha, ndiyo sababu akauza. Hakuwa tapeli, jueni hivyo tangu sasa. Katika habari hii hakuna mwongo. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwepo.

Tukaenda asubuhi, mimi na Zainabu. Injini baridi. Oili safi. Moshi hakuna. Breki imesimama kama ukuta. Makaratasi yako ndani ya mfuko wa nailoni, yamekunjwa vizuri. Nikatandika gunia, nikalala, nikaingia chini.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Mafuta ya papa. Ninyi mmekua na mafuta ya kopo, lakini wenye vyombo huku wanachemsha maini ya papa na kuyapaka mafuta yake kwenye mbao ili chumvi isile. Nahodha alikuwa amepaka chini ya gari lake lote, tabaka juu ya tabaka, mwaka hadi mwaka, mpaka yamekuwa ngozi nyeusi inayong'aa. Na baba yangu mimi alikuwa fundi wa kuziba mashua. Nimekulia ndani ya harufu ile. Kwangu ilikuwa harufu ya mtu anayejali chombo chake. Moyo ukatulia hapo hapo, na fundi moyo ukimtulia mapema, kazi imeharibika.

Lakini mkono una akili zake. Nilikuwa nimeshatoa bisibisi, nimeigusisha kwenye chasi, lile pande refu la chuma linalobeba gari zima, nikwangue ile ngozi nione chuma chenyewe. Mestre angekwangua. Juu yangu nikasikia nahodha anakohoa kidogo.

"Fundi," akasema, "hayo mafuta nimeyachemsha mwenyewe. Nimelipaka kama ninavyopaka mashua yangu."

Ndivyo alivyosema, kwa upole. Lakini mtu wa huku anajua. Kukikwangua chombo cha nahodha mbele ya macho yake ni kumwambia: sikuamini. Ni kumvua nguo. Wazee wawili walikuwa wamekaa barazani wanatutazama. Nikaona haya. Nikarudisha bisibisi mfukoni, nikatoka chini, nikajipangusa mchanga, nikasema kwa sauti ili hata barazani wasikie, "Gari zima hili. Limetunzwa." Kisha nikamgeukia Zainabu, nikaongeza ujinga juu ya ujinga: "Uendelee kulipaka hivi hivi."

Akaendelea. Lilimtumikia karibu mwaka, samaki juu, maji ya chumvi yanachuruzika chini. Nilimbadilishia oili mara mbili, mara tatu. Kila mara nililala chini yake, nikaona ile ngozi inang'aa, nikaridhika.

Siku mji ulipoingiliwa sitaisimulia yote. Wengi wenu mlikuwepo, na wasiokuwepo wana wazazi wa kuwauliza. Milio ilianza alfajiri. Zainabu aliwasha gari, likaitika mara moja. Tukampandisha Mama Mdogo nyuma juu ya godoro, mimi nikakaa nimemshika mabega, watoto, majirani, bata wa mtu mmoja. Tukashika barabara ya Awasse ili tuende Mueda. Mama Mdogo alikuwa anasoma dua, anakatiza, anauliza, "Tumepita wapi?" Nikawa namtajia vijiji. Nilijisikia fahari, wanangu, sitawaficha. Katikati ya mambo yale, nilijisikia fahari kwamba gari nililolichagua linakwenda.

Kwenye shimo, siyo shimo kubwa, tukasikia kishindo chini yetu. Gari likakunjika katikati. Upande wa nyuma ukakaa juu ya gurudumu, gurudumu likakwama, basi. Tukashuka. Nikaingia chini. Chasi ilikuwa imekatika, na pale ilipokatika hapakuwa na chuma. Palikuwa na unga mwekundu, umelowa. Nikaingiza kidole, kikatoboa mpaka upande wa pili. Na juu ya unga ule, ile ngozi ya mafuta bado nzima, inang'aa. Kumbe miaka yote ilifunika chumvi iliyokuwa imeshaingia. Mbao hunywa mafuta zikapona. Chuma hakinywi. Jambo dogo hilo, hata nyie mnalijua, nami nilikuwa na miaka yote ile kazini.

Magari mengine yalipita yamejaa, watu wananing'inia. Hayakusimama na siwalaumu. Tukafunga shuka kwenye mti kama machela, tukambeba Mama Mdogo kwa zamu, tukaingia porini maana barabarani palikuwa hapakaliki. Gari lingetufikisha Mueda kabla ya adhuhuri, na Mueda kuna hospitali. Sisi tulitembea. Siku ya pili akawa anatuomba msamaha kwa uzito wake. "Nishusheni wanangu, mnachoka." Siku ya tatu asubuhi tulimshusha tupumzike, na hakupanda tena. Tulimzika pale, ndani ya kapulana mbili, khanga za Zainabu, tukamsalia watu sita. Ukiniambia leo nikupeleke kwenye kaburi lake, siwezi kulipata.

Katika miaka ya ukimbizi, kambini, nilikutana na Nahodha Bakari. Alikuwa haoni kabisa. Akanijua kwa sauti, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Fundi, lile gari langu liliwafikisha?"

Nikamwambia, "Lilitufikisha, nahodha."

"Mlikuwa mnalipaka?"

"Tulikuwa tunalipaka."

Akafurahi sana. Alifariki wiki chache baadaye. Mpaka leo sijui kama nilitenda wema ama nilirudia kosa lile lile kwa mara ya pili.

Zainabu sikumwambia kitu. Yeye alidhani, au nilidhani kwamba anadhani, gari lilivunjika kama magari yanavyovunjika. Kila alipoita "kaka" ilikuwa inanichoma. Tukarudi Msimbwa. Akaanza upya, samaki kichwani. Mwaka huu, baada ya Idi, akaja kwangu akakaa mlangoni.

"Kaka, nimepata gari jingine. Twende ukalione."

"Tafuta fundi mwingine."

"Kwa nini?"

Nikatazama chini. Mzee mzima, ndevu nyeupe. Nikamwambia yote: bisibisi, kikohozi, wazee wa barazani, haya. Nikamwambia, "Ningekwangua mara moja tu, mama yako angefika Mueda. Nimemuua mimi, Zainabu." Nilipofika hapo nililia, nasema wazi, nililia kwa sauti.

Yeye hakulia. 

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimesimama pale, kaka. Niliona ulivyorudisha mkono. Nikasema moyoni, kaka hajamaliza. Neno lilikuwa hapa mdomoni: kwangua. Nikatazama, huyu nahodha, huyu fundi, wale wazee, na mimi mjane muuza samaki. Nikaona haya kuwafundisha kazi. Mama ni wangu, gari nanunua mimi, nikanyamaza. Nilikuwa naogopa siku utakayoniuliza kwa nini nilinyamaza."

Miaka yote ile, kila mmoja wetu alikuwa anamkwepa mwenzake macho, kila mmoja anadhani kaburi ni la kwake peke yake.

Tukaenda kuliona gari. Mwenyewe ni mtu mzima wa heshima, amehiji, kanzu safi, ametuwekea viti. Nilipoanza kukunja mikono ya shati akaniwekea mkono begani, akasema kwa wema kabisa, "Fundi, chini usijisumbue, pako salama, na umri huu unaumiza mgongo bure." Na wallahi wanangu, ile haya ilinipanda tena, kama ilivyokuwa. Baada ya yote yale. Nilisimama nimeganda.

Zainabu hakuniangalia. Alifungua kapulana ya juu, akaitandika mchangani, akalala chali, akajivuta kuingia chini ya gari mpaka ikabaki miguu yake tu. Tukasikia anaanza kukwangua. Yule mzee akageuka kunitazama mimi, uso umebadilika, anasubiri nimkanye dada yangu.

"Tumngoje amalize, alhaji," nikamwambia. "Tuna mtu tuliyemzika njiani."